Kodi ya Miezi Sita na Bomba Linalovuja

Mpangaji wa Dar es Salaam akishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja juu yake kwa dalali, ameshatoa mkononi kitu pekee ambacho kingemfanya asikilizwe. Hela imeshakwenda. Mwezi wa pili bomba la chini ya sinki likianza kudondosha, au dari ya bafuni ikianza kutoa doa la rangi ya chai, yeye anabaki na simu na heshima zake. Mwenye nyumba naye hana kinachomharakisha. Kodi ya miezi minne ijayo ameshaipokea, na pengine ameshalipia ada ya shule au ameshaezekea nyumba nyingine.

Naanza na hela kwa sababu mjadala huu karibu kila mara huanzia kwingine. Watu huulizana bomba ni la nani, nani aliliharibu, na fundi aitwe na nani. Maswali hayo yana majibu, na nitayafikia. Ila hata yakijibiwa vizuri namna gani, hayazuii maji kuvuja. Bomba hutengenezwa pale mwenye wajibu wa kulitengeneza anapoona kwamba kuchelewa kutamgharimu yeye mwenyewe. Katika upangaji wetu wa kodi ya mbele, kuchelewa kunamgharimu mtu mwingine.

Iko nyumba moja Tabata ninayoifahamu, ya vyumba sita vinavyotazamana, bafu na choo vya pamoja, mita moja ya maji karibu na geti. Kijana aliyepanga chumba kilichopakana na bafu aliona plasta ya ukutani kwake inavimba, kisha rangi ikaanza kubanduka kwa vipande. Alikwenda kwa mama mwenye nyumba, na nilikuwepo walipozungumza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, za huko?"

"Nzuri mama. Lile bomba la bafuni bado linavuja kwa ndani, na ukuta wangu sasa umelowa mpaka usawa wa kitanda."

"Mbona mwenzio aliyekuwepo hakuwahi kusema lolote? Tafuta fundi hapo mtaani, si kitu kikubwa hicho."

"Na hela ya fundi mama?"

"Wewe tengeneza tu, tutaongea."

Fundi alikuja, akaongeza tepe kwenye maungio ya koki ya shawa, akaondoka na hela yake. Tatizo halikuwa kwenye koki. Lilikuwa kwenye kiungio kilichofukiwa ukutani, kilichogundishwa vibaya siku nyumba inajengwa na kufunikwa na vigae kabla mtu hajajaza maji kupima kama kinashika. Ukuta uliendelea kulowa. Mwisho wa mwezi bili ya maji ikaja kubwa kuliko kawaida, ikagawanywa kwa vichwa kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo, na mama mmoja mwenye watoto watatu akalipa sehemu kubwa kuliko wote kwa maji ambayo hakuyaoga wala kuyapikia. Yale mazungumzo yaliyoahidiwa na mama mwenye nyumba hayajafanyika hadi leo, na kijana aliona aibu kuyadai.

Nasimulia kisa hiki kidogo kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote tunayogombania. Mwenye jengo amekabidhi wajibu wake kwa mpangaji kwa maneno manne. Fundi ameitwa na mtu asiyeruhusiwa kuvunja ukuta. Gharama zimesambazwa kwa watu wasiohusika. Na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha nani alisema nini, lini.

Sheria ipo, na ina majibu mengi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 113 ya sheria za Tanzania, inaweka katika kifungu cha 88 ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa katika kila upangaji, ziwe zimeandikwa kwenye mkataba au la. Mojawapo ni kwamba nyumba, fleti au chumba cha kuishi kitakuwa kinafaa kwa makazi ya binadamu siku upangaji unapoanza, na kitabaki hivyo muda wote wa upangaji. Nyingine inahusu jengo lililopangishwa sehemu sehemu: paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka, pamoja na sehemu na vifaa vinavyotumiwa na wapangaji wote, ni jukumu la mwenye nyumba kuvitunza katika hali nzuri. Nyumba ya vyumba sita yenye bafu moja inaingia moja kwa moja ndani ya maneno hayo. Mama wa Tabata alikuwa na wajibu kisheria tangu siku ya kwanza, hata kama mkataba wake ulikuwa ukurasa mmoja ulionunuliwa kwenye duka la steshenari.

Kifungu kinachofuata, cha 89, kinamgeukia mpangaji. Anapaswa kutunza sehemu aliyopanga katika hali inayoridhisha na kuirudisha kama alivyoikuta, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida na kwa maafa kama mafuriko au moto ambao haukutokana na uzembe wake. Hayo maneno ya uchakavu wa kawaida yana uzito mkubwa kwenye habari ya mabomba. Mpira wa ndani ya koki unaisha hata koki ikishikwa na mtu mpole kuliko wote. Bomba la chuma linaota kutu kwa ndani. Floti ya tanki la choo inachoka. Hivi vyote ni umri, na umri wa nyumba ni wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Bomba lililo ndani ya ukuta, chini ya sakafu au juani kutoka mita hadi tanki, tanki lenyewe, bomba la majitaka, paa na dari, yote hayo ni ya mwenye nyumba bila mjadala. Kilichovunjwa na mpangaji, mtoto wake au mgeni wake ni cha mpangaji, vilevile bila mjadala: sinki lililozibwa na mafuta ya kupikia na mabaki ya wali, koki iliyovunjwa kwa kukazwa kwa nguvu, bomba lililoachwa wazi wakati wa mgao. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Maji yanakatika mchana, mtu anafungua koki kuangalia, anaona kavu, anaondoka bila kuifunga. Yanarudi saa nane za usiku, na asubuhi chumba cha chini kinaogelea. Hapo asitafutwe mwenye nyumba.

Katikati ya hayo kuna vitu vidogo: mpira wa koki, mnyororo wa choo, hosi fupi ya chini ya sinki. Ukishika sheria kwa herufi, vingi vya hivi ni uchakavu wa kawaida na mpangaji havimhusu. Mimi napendekeza wapangaji wavibebe, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kwa sababu ya kiutendaji tu: kitu cha bei ndogo kikisubiri ruhusa ya mtu anayeishi Mbezi au Morogoro, maji yatakayopotea ndani ya wiki hiyo yatakuwa na thamani kubwa kuliko kitu chenyewe.

Pima uone. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki inayodondosha. Kikijaa kwa dakika tano, hiyo ni lita tatu kwa saa, lita 72 kwa siku, zaidi ya ndoo tatu za lita ishirini. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 2,160, yaani zaidi ya uniti mbili za mita, kutoka kwenye koki ambayo kila mtu anaipita na kusema inatoa tone tu. Choo kinachopitisha maji kimyakimya ni kibaya zaidi, kwa sababu hakidondoshi mahali panapoonekana. Kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku huku mwenye chumba akilaumu msoma mita. Kukitambua ni rahisi. Tia unga wa juisi wenye rangi kwenye tanki la choo, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini haushiki.

Kwa nyumba nzima, funga koki zote, hakikisha hakuna tanki linalojaa, kisha nenda kaitazame mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali baada ya mita. Uvujaji wa kabla ya mita ni wa mamlaka ya maji, kwa Dar es Salaam ni DAWASA, na inatosha kuwapigia simu. Baada ya mita, maji yote yaliyopita yanahesabiwa kuwa yametumika, na mamlaka haitauliza kama yalioga mtu au yalizama ardhini.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi, kwenye bili. Wenye nyumba wengi wana sentensi moja wanayoitegemea: bili ni ya mpangaji. Sentensi hiyo ni ya haki kwa maji yaliyotumika. Kwa maji yaliyopotea kwenye bomba la mwenye nyumba, ni kumlipisha mtu ubovu wa mali isiyo yake. Na haihitaji utaalamu kutenganisha maji hayo mawili. Tuseme kwa miezi mitatu mfululizo nyumba imetumia uniti kati ya 11 na 13. Mwezi wa nne bili inakuja na uniti 40, watu ni walewale, hakuna aliyefungua kibanda cha kuoshea magari. Uniti 12 walipe wapangaji. Zile 28 zinamfuata mwenye wajibu wa bomba lililovuja. Kama lilikuwa limefukiwa na hakuna aliyeweza kuliona, ni za mwenye nyumba tangu uniti ya kwanza. Kama lilikuwa linaonekana na mpangaji alinyamaza, za kipindi cha ukimya wake ni zake, na zinazoanzia siku aliyotoa taarifa ni za mwenye nyumba.

Kwa nyumba zenye kisima na pampu hesabu inahamia kwenye umeme. Simtanki likiwa na ufa au floti ikiwa imekwama, pampu inawaka na kuzima usiku kucha, na LUKU inayoliwa ni ya mpangaji. Nimekutana na watu waliobadilisha friji wakidhani ndiyo inayokula umeme.

Mpangaji Mtanzania ameshazoea kulipa vya mwenye jengo kupitia mita. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme, awali shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye 1,500, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo ni ya mwenye mali. Nani anakwenda kudai arudishiwe 1,500? Kwa kiasi kidogo hivyo, kunyamaza ni rahisi. Lakini tabia ya kunyamaza kwenye 1,500 ndiyo hiyohiyo inayotufanya tunyamaze bili inapoongezeka mara tatu.

Sitaki nimwachie mpangaji aonekane malaika. Kuna wapangaji wanaoona ukuta unalowa mwezi wa kwanza na kusema mwezi wa tano, siku wanahama. Wengine wanaogopa, na hofu yao ina msingi: anayelalamika mara kwa mara huitwa msumbufu, na mkataba ukiisha anaambiwa chumba kinahitajika na ndugu. Lakini sheria haimsaidii aliyenyamaza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73 kinachohusu fidia, inataka iangaliwe pia njia aliyokuwa nayo mlalamikaji ya kupunguza hasara. Uliona maji yanaelekea kwenye godoro, geti valvu, yaani koki kuu ya kufungia maji, iko hatua tano kutoka mlangoni, hukuifunga, ukapiga picha tu? Fidia ya godoro itapungua, na ni haki ipungue. Wajibu wa mpangaji kwenye uvujaji wowote, hata usio wake, ni kufunga maji, kuondoa vitu vyake, na kutoa taarifa siku hiyohiyo. Taarifa yenyewe iandikwe. Ujumbe wa simu wenye picha na tarehe unatosha kabisa, hata kama mmeshaongea uso kwa uso na mkaelewana.

Kufunga maji kwenyewe kuna kikwazo ambacho kinarudi kwa mjenzi. Nyumba nyingi za kupanga zina valvu moja tu, ya getini. Chumba kimoja kikivuja, vyumba vyote vinakosa maji mpaka fundi aje, kwa hiyo majirani wanashinikiza maji yafunguliwe na uvujaji unaendelea kwa kura ya wengi. Valvu moja kwa kila chumba au kila fleti ni gharama ndogo sana wakati wa ujenzi. Sielewi kwa nini bado tunaijadili.

Wenye nyumba nao wana hoja, na nyingine ni nzito. Mwenye nyumba wa kawaida wa Mbagala au Kinondoni hana kampuni. Ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, au mjane ambaye vyumba vitatu vya mbele ndiyo pensheni yake. Kodi ya miezi sita inapoingia, inakwenda kwenye matibabu na chakula, na ukuta ukilowa mwezi wa nne kweli hana hela. Namwonea huruma na sisemi hivi kwa mdomo tu. Lakini anayepokea kodi kama pensheni anauza huduma ya makazi, na huduma hiyo ina gharama zake. Kodi ya mwezi mmoja katika kila sita ingewekwa pembeni kwa matengenezo, au hata nusu yake, hekaheka nyingi zisingekuwepo. Tena yeye ndiye mwenye cha kupoteza zaidi. Maji yakifika kwenye nondo za slabu, chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inasukuma zege mpaka linapasuka na kudondoka vipande. Aliyekwepa kumlipa fundi bomba atamlipa fundi ujenzi, na huyo wa pili anakuja na mbao, saruji na vibarua.

Kwenye majengo ya zamani ya katikati ya jiji hali ina historia yake. Majengo mengi ya Upanga na Kariakoo yalitaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo la umri huo lililobaki na mabomba yake ya chuma ya asili huvuja kila mahali kwa zamu: unaziba hapa, shinikizo linahamia sehemu nyingine iliyochoka. Kumwita fundi kila mwezi kwenye bomba la namna hiyo ni kumwaga hela. Linatakiwa libadilishwe lote, na uamuzi huo hauwezi kuwa wa mpangaji wa ghorofa ya pili.

Ghorofa zina mgogoro wao maalumu: bafu la juu linavujia dari ya chini. Wapangaji wawili wanagombana kwenye ngazi, na mara nyingi wote hawana kosa. Maji yakitokea tu mtu wa juu anapooga, na koki zake hazina tatizo, mara nyingi kilichokufa ni kizuia maji kilicho chini ya vigae, au hakikuwekwa kabisa. Hilo ni suala la jengo. Yakitokea hata watu wa juu wakiwa safarini, ni bomba la ndani lenye maji ya shinikizo, nalo ni suala la jengo. Yakitokea mara moja, mengi, baada ya usiku wa maji kurudi, muulize jirani kama aliacha koki wazi. Katika fleti zinazomilikiwa na watu mbalimbali chini ya ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, mabomba yanayotumiwa na wote yanasimamiwa na umoja wa wamiliki, kwa hiyo mpangaji amshike mwenye fleti wake, na mwenye fleti aushike umoja. Mpangaji asitumwe kwenda kuhudhuria vikao vya wamiliki.

Na kuna afya, ambayo tunaitaja mwisho wakati ingepaswa kutajwa mwanzo. Katika mji wenye mgao, bomba lililotoboka linatoa maji wakati shinikizo lipo, na linavuta kilicho nje yake wakati shinikizo linaposhuka. Likipita karibu na shimo la choo au mfereji wa majitaka, kinachovutwa ndicho kitakachotoka kwenye koki maji yakirudi. Dimbwi safi linalobaki chini ya tanki linalovuja ni mahali panapopendwa na mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Ukuta wenye unyevu unaota kuvu, na kuvu inakaa kwenye mapafu ya watoto. Uingereza ilijifunza hili kwa uchungu. Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020 katika nyumba ya kupanga mjini Rochdale, na uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kwamba kiini ni kuvu iliyokuwa ndani ya nyumba. Baba yake alikuwa ameshalalamika, akaambiwa apake rangi juu yake. Sasa iko sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowapa wenye nyumba za kijamii, yaani zile za kodi nafuu zinazosimamiwa na halmashauri au mashirika, muda maalumu wa kuchunguza na kutengeneza unyevu. Nasoma habari hiyo na kufikiria kuta ngapi Tabata na Manzese zinapakwa rangi mpya kila mpangaji anapohama, bila mtu kugusa bomba lililo nyuma yake.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji ina jambo jingine la kuiga. Kwa upangaji wa makazi wa chini ya miaka saba, mabomba ya maji, mabeseni, mabafu na vyoo vimetajwa kwa majina kuwa ni vya mwenye nyumba kuvitengeneza, na mkataba hauwezi tu kumtwisha mpangaji. Kwetu tunakisia kutoka kwenye maneno mapana ya kufaa kwa makazi.

Kenya ina maneno karibu yaleyale kama yetu, katika vifungu vya 65 na 66 vya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Tofauti iko kwenye hela. Nairobi na Mombasa kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, pamoja na dipoziti ya kuanzia, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi landilodi ana sababu ya kupokea simu ya mpangaji. Lakini hata huko kuzuia kodi ni hatari, kwa kuwa sheria inamruhusu landilodi kukamata mali za mpangaji anayedaiwa. Na lile baraza la kodi za nyumba, ambalo lingekuwa kimbilio rahisi, linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoachwa mbali sana na kodi za leo. Sisi tulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984 na mabaraza yake, tukaifuta mwaka 2005. Kilichobaki ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huku Baraza la Kata likiwa limebakishiwa usuluhishi tu tangu marekebisho ya mwaka 2021, kwa muda usiozidi siku 30. Hakuna mtu mwenye kazi ya kufanya atakayefungua shauri wilayani kwa ajili ya kiungio cha bomba. Ndiyo maana jibu lazima liwe kwenye mkataba, kabla hela haijabadilisha mikono.

Ningetaka mkataba useme mambo machache kwa Kiswahili cha kawaida. Siku ya kukabidhiana funguo, mita ya maji ipigwe picha, koki zote zifunguliwe mbele ya wote wawili, na choo kiflashiwe. Uvujaji unaoingiza maji ndani au kugusa umeme ushughulikiwe ndani ya saa 24, mwingine ndani ya siku saba tangu ujumbe ulipotumwa. Muda ukipita, mpangaji aite fundi, achukue risiti ya vifaa na saini ya fundi, na kiasi hicho kikatwe kwenye kodi inayofuata. Kama upangaji unaisha, kirudishwe taslimu. Bili ikivuka wastani wa miezi mitatu kwa sababu ya bomba la jengo, ziada isiwe ya wapangaji.

Kipengele hicho cha kukata kwenye kodi ndicho kitakachopingwa, na ndicho nitakachokishikilia. Wenye nyumba wanahofia fundi wa uongo na risiti za kuandikwa mezani. Basi waweke kikomo cha kiasi, na wataje fundi wanayemwamini kwa jina na namba ya simu ndani ya mkataba. Wakikataa hata hilo, na bado wanataka kodi ya miezi sita mbele, mpangaji ajue anaombwa kukopesha mtu bila dhamana na kumtengenezea nyumba yake pia. Kwa anayeweza, ni heri kutafuta chumba cha miezi mitatu mitatu hata kikiwa mbali na barabara ya lami kidogo.

Mikataba mingi ya mitaani hupita ofisi ya serikali ya mtaa kugongwa mhuri, na mwenyekiti au mtendaji huisaini akiangalia majina, kiasi na tarehe. Waongeze swali moja kabla ya kugonga: bomba likivuja, fundi anaitwa ndani ya siku ngapi, na kwa hela ya nani? Mkataba usio na jibu lake urudishwe kwa wenyewe, waliandike palepale kwa kalamu kwenye nafasi iliyobaki, wote wawili wasaini pembeni yake, ndipo mhuri ugongwe.